Besi imekufa upande mmoja: pima amplifaya kabla hujapima chumba

Mkuu, nimekusoma. Umerithi amplifaya ya valvu (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti badala ya transista) ya marehemu babu yako, umeiweka sebuleni, na sasa upande wa kushoto besi haipo ilhali wa kulia inavuma mpaka vioo vya dirisha vinatetema. Mmoja kakwambia ununue maikrofoni ya kupimia ili kompyuta ikunyooshee sauti, mwingine kakwambia upeleke mashine kwa fundi. Unauliza uanze na lipi.

Anza na mashine. Mimi nilianza na kompyuta, na kwa karibu mwaka mzima nilisikiliza muziki mbovu huku grafu ikiniambia mambo ni shwari.

Niko Tanga, Ngamiani. Amplifaya yangu ilitoka kwenye redio-gramu ya mjomba, lile kabati la mbao lenye redio ndani na sahani ya santuri juu. Kabati lililiwa na mchwa, chesisi ya chuma ikabaki. Kila upande una valvu moja tu ya EL84 ya kusukuma spika, na mbele yao ipo valvu ndogo moja ya ECC83 inayokuza sauti ya pande zote mbili kwanza. Nguvu yake haifiki watti sita kwa upande. Kwa chumba changu cha mita 4.3 kwa 3.5, na spika za zamani zisizohitaji nguvu nyingi, zinatosha na kubaki. Ninachosikiliza zaidi ni taarabu ya hapa kwetu, Black Star na Lucky Star, na dansi la Atomic na Jamhuri Jazz. Wazee wa Black Star ndio walioingiza gitaa la umeme na gitaa la besi kwenye taarabu, kwa hiyo ukikosa besi katika nyimbo zile umekosa nusu ya kazi yao.

Chumba changu ni cha matofali ya saruji, plasta ngumu, vigae chini. Chumba cha namna hii kina mlio wake. Sauti ya chini ikisafiri kutoka ukuta hadi ukuta na kurudi, kuna masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) ambayo chumba chenyewe kinayashangilia. Hesabu yake ni nyepesi: mwendo wa sauti kwenye hewa, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwa joto letu la nyuzi 28 sauti inakwenda mita 348 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 8.6, unapata kama hezi 40. Upana wa mita 3.5 unakupa hezi 50. Ndiyo maana gitaa la besi likigusa noti fulani chumba kinavuma, na noti ya jirani yake husikii kitu.

Basi nilinunua maikrofoni ya UMIK-1, nikapakua faili lake la usahihishaji kwa namba iliyoandikwa kwenye mwili wake, nikaweka REW kwenye laptopu. Hiyo ni programu ya bure ya John Mulcahy na ni kazi ya kuheshimiwa. Inatoa mlio unaopanda kutoka chini kabisa mpaka juu, maikrofoni inausikiliza, kisha unachorewa mstari: wapi sauti imezidi, wapi imepungua. Nilipima usiku baada ya isha, bodaboda zikiwa zimepungua na feni nimeizima.

Kulia nilipata kilima kikubwa hezi 40 na kingine 50, kama hesabu ilivyosema. Kushoto vilima vilikuwepo pia, ila mstari mzima ulikuwa umelala: ulianza kuteremka kwenye hezi 500 hivi, taratibu, na kufika hezi 60 ulikuwa chini ya mwenzake wa kulia kwa desibeli 7 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Spika ya kushoto iko karibu na mlango wa ukumbini. Nikajiambia besi inatokea mlangoni. Nikaiagiza programu ipandishe upande ule, nikapeleka vichujio, yaani maagizo ya kupandisha au kukata masafa fulani, kwenye Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti ya kompyuta ambayo nayo ni ya bure, nikapima tena. Mstari ukanyooka kama rula. Nilifurahi sana usiku ule.

Lakini kila nilipoongeza sauti kidogo, gitaa la besi upande wa kushoto lilikwaruza, kama mtu anasugua kopo kwenye saruji. Nikalaumu spika. Nikaifungua, nikakagua koni, nikabana skurubu, nikairudisha. Ikaendelea kukwaruza. Miezi ikapita hivyo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Makorora, fundi redio tangu enzi za valvu. Alikuja kwa jambo jingine kabisa, tukiwa tunakunywa kahawa akaisikia. Akaniuliza, "Mwanangu, ushabadilisha pande?" Sikumwelewa. Akanyanyuka, akazima mashine, akangoja, kisha waya za spika ya kushoto akazipeleka upande wa kulia wa amplifaya, na za kulia akazileta kushoto. Spika hazikusogea hata inchi. Akaniambia nizime usahihishaji wote na nipime upya.

Ule mstari uliolala ukahamia kulia.

Chumba hakihamishiki, mkuu. Spika ilikuwa palepale, mlango palepale, ila ugonjwa ulifuata waya. Kipimo hiki ni cha bure na kinachukua dakika kumi, nacho ndicho nakuomba ukifanye leo kabla hujatumia shilingi. Zima mashine kabla ya kugusa waya za spika, kwa kuwa amplifaya ya valvu haitakiwi kupigishwa bila spika. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuipata.

Kesho yake tuliifungua. Hapa naomba unisome polepole. Ndani ya mashine hizi kuna volti 250 mpaka 300 na zaidi za umeme wa mkondo mmoja (DC), na kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, zinaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Mzee alichukua rezista ya kiloomu 10 ya watti tano yenye klipu na mkono wa plastiki, upande mmoja akabana kwenye chesisi, wa pili akaugusisha kwenye kapasita mpaka mita ikashuka karibu na sifuri. Mkono wake mwingine muda wote ulikuwa nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kama hujawahi kufanya hivi, usijifunzie peke yako. Kaa karibu na fundi, mtazame.

Tulipima kwanza ikiwa inawaka. Kathodi ya EL84, sehemu inayotoa elektroni, ni mguu wa 3, na rezista yake kwenye mashine yangu ni omu 135. Kulia volti 7.4, kushoto 7.2. Gawanya kwa 135 unapata kama miliampia 54, toa tano na nusu za skrini (gridi ya pili ya valvu), zinabaki 48 na kidogo za anodi (sahani yake ya ndani). Kwa volti 250 hiyo ni watti 12, ndio mwisho wa EL84 kwa mujibu wa karatasi zake za kiwandani. Kwa hiyo valvu zilikuwa zinafanya kazi ngumu, lakini pande zote sawa. Gridi, yaani mlango wa kuingilia sauti kwenye valvu, mguu wa 2, zilisoma karibu sifuri, maana yake kapasita za kupitishia sauti hazijaanza kuvuja. Ukikuta volti chanya kwenye gridi, hata moja na nusu, badilisha kapasita ile kabla hujawasha tena. Inailazimisha valvu kupitisha umeme mwingi mno, na siku moja utaiona sahani yake ya ndani imekuwa nyekundu.

Kwa hiyo mita ilisema mashine haina ugonjwa. Mzee akacheka, akalehemua kapasita moja ndogo iliyolala sambamba na rezista ya kathodi. Imeandikwa mikrofaradi 100. Tulipoipima ilikuwa 9. Ilikuwa imekauka. Mita ya volti haiwezi kuliona hilo, kwa sababu kapasita hiyo haibebi umeme wa kudumu, inabeba sauti. Ikikauka, sauti za chini hazipati njia ya mkato, inabidi zipite kwenye rezista, na valvu inajipunguza yenyewe. Hasara inaanza katikati na kuzidi kadiri unavyoshuka. Mteremko laini, mpana. Ule ule niliouona kwenye grafu.

Sasa ninapotazama grafu ya mtu, jambo la kwanza ninalotafuta ni umbo. Chumba huchora vilima na mashimo membamba, yenye ncha, na ukisogeza maikrofoni nusu mita yanabadilika. Kifaa kilichochoka huchora mteremko mrefu usiojali maikrofoni iko wapi. Ningejua hili ule usiku wa kwanza, nisingeiamuru kompyuta iziongeze zile desibeli 7. Desibeli 7 ni nguvu mara tano. Nilikuwa naisukumia mashine yenye ugonjwa ishara yenye nguvu mara tano kila gitaa la besi linapoingia. Nadhani mkwaruzo ule ulianzia hapo.

Kapasita mpya mbili, maana ukibadilisha upande mmoja badilisha na wa pili, zilikuwa rahisi kuliko nauli ya kwenda Dar. Tulipokuwa ndani tulifanya na mengine. Hewa ya bahari hapa Tanga inakula chuma, na miguu ya valvu ilikuwa na ukungu wa kijani. Tuliisafisha kwa spiriti na soketi zake pia, tukizichomeka na kuzichomoa mara kadhaa. Tuligonga kila valvu kwa ncha ya penseli ya mbao kusikia kama inalia. Tulitazama ile rangi ya fedha juu ya kioo: ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Halafu swichi ya volti nyuma ya transfoma ilikuwa kwenye 220, wakati umeme wa nyumbani kwangu usiku unafika 240. Kwa hali hiyo nyuzi za kupasha moto valvu zinapata volti 6.9 badala ya 6.3, na umri wa valvu unapungua. Tukaiweka 240. Angalia na yako.

Ndipo nikarudi kwenye kompyuta, na safari hii nilikuwa na mgonjwa mmoja tu, yaani chumba.

Kabla ya kichujio chochote nilisogeza kiti. Kilikuwa kimegusa ukuta wa nyuma, na ukutani ndiko besi inakojilundika. Nilikileta mbele sentimita 60 na kile kilima cha hezi 40 kikashuka bila programu. Usikilete katikati kabisa ya urefu wa chumba, utaangukia kwenye shimo la masafa yaleyale. Ukutani nilitundika fremu mbili za mbao zenye kina cha sentimita 10, nimezijaza nyuzi za makonge zilizochambuliwa na kuzifunika kitambaa. Kwa mji uliojengwa na mkonge, bidhaa hiyo haikosekani. Sauti ya Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, ilitulia, ule mwangwi mkali wa plasta ukaondoka. Kwa besi fremu hizo hazisaidii kitu, mawimbi yake ni marefu mno.

Kilichobaki ndicho nilichoiachia programu. Niliwasha amplifaya nusu saa ipate moto, nikapima sehemu saba kuzunguka kichwa, nikachukua wastani. Pima kwa amplifaya ileile utakayosikilizia, usikope ya transista ya rafiki, kwa kuwa mashine nyingi za valvu hazina mkono mzito juu ya spika na mstari hubadilika kidogo kulingana na spika iliyofungwa. Nilisahihisha chini ya hezi 300 tu. Vilima nilivikata. Mashimo niliyaacha, kwa sababu shimo la chumba ni sauti inayojiua yenyewe: ukiongeza, na ile inayoua inaongezeka, unabaki na valvu inayohenyeka bure. Vichujio vinne vinatosha: viwili vya kukata hezi 40 na 50, viwili vidogo juu yake. Hakuna hata kimoja kinachopandisha.

Kwa hiyo wewe, kwa mpangilio wako: badilisha waya za spika usiku wa leo usikilize besi iliyokufa imebaki kushoto au imehamia kulia. Ikihamia, usinunue maikrofoni bado, tafuta fundi anayezijua valvu na umwambie aanze na kapasita za kathodi. Ikibaki kushoto, ni chumba au spika, na hapo maikrofoni ni pesa halali. Ukishapima, tuwekee grafu ya kila upande peke yake, na vipimo vya chumba chako, na kiti kiko umbali gani kutoka ukutani.