Lazima wakili ajue kuandika programu?

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kutetea kampuni za teknolojia kwenye kesi za hakimiliki bila kujua kuandika programu. Unaweza, ila jifunze kuusoma msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, hata kwa kubahatisha. Chukua kesi ya Oracle dhidi ya Google, iliyofunguliwa Marekani mwaka 2010, Oracle ikidai Google imenakili msimbo wake. Kulikuwa na kipande cha msimbo kinaitwa rangeCheck, mistari 9 tu, na Jaji Alsup, aliyesikiliza kesi, akamwambia wakili wa Oracle kuwa yeye mwenyewe ameshaandika vya namna hiyo mara nyingi. Wakili asiyejua kitu hapo anabaki kutoa macho.

Kesi iliisha 2021, Mahakama ya Juu ikaipa Google ushindi, majaji 6 kwa 2. Miaka 11! Kwa hiyo usiote kusimama mahakamani kila siku. Muda mwingi utapekua barua pepe na kumbukumbu za nani alibadilisha faili gani, lini. Mteja akija, kabla hajamaliza kulalamika, mwambie asifute chochote. Kisha omba mkataba wa aliyeiandika programu, ujue haki ni ya nani. Wengi hawana, na hapo ndipo jasho linaanza kukutoka.