Maswali ya wasomaji: gari la boksi haliendi, mpira wa soksi haudundi

Wanangu mapacha wana miaka minne. Tumetengeneza gari la boksi la maziwa, magurudumu ni vizibo vya chupa za maji. Linapendeza, ila likisukumwa linaburuzika tu. Kosa liko wapi?
*Mama wa mapacha, Morogoro*

Mara nyingi kosa huwa kwenye ekseli, yaani kijiti kinachobeba magurudumu. Ama mmetia gundi kila mahali, ama mmetoboa boksi na kupitisha kijiti humo humo. Tundu la karatasi hulegea, likachanika, kijiti kikakaa upande na kukwama. Gurudumu linatakiwa likaze kwenye kijiti, na kijiti kizunguke kwa uhuru ndani ya bomba. Bomba ndilo linaloshikana na boksi.

Boksi la lita moja lina upana wa karibu sm 7. Kata mrija, au bomba la kalamu iliyoisha wino, vipande viwili vya sm 8. Bandika kwa selotepu chini ya boksi, kimoja mbele na kimoja nyuma, sm 3 kutoka mwisho. Pima kwa rula pande zote mbili, kwa sababu mabomba yasipokuwa sambamba gari litakata kona kila likisukumwa, kuelekea upande ambao yamekaribiana. Pitisha vijiti vya mishikaki vya sm 11. Unapovalisha gurudumu, acha nafasi ndogo tu, kama unene wa kucha, lisisuguane na bomba.

Kizibo kitobolewe katikati kabisa. Kichoreni kwenye karatasi, kateni duara hilo, likunjeni mara mbili: mikunjo inapokutana ndipo katikati. Tundu likienda pembeni, gari litachechemea. Toboa kwa msumari mwembamba kuliko kijiti, ulioshikwa kwa koleo na kupashwa moto. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Wao wapewe kupima, kubandika selotepu na kuvalisha magurudumu. Kwa miaka minne wanaweza.

Kama mnachezea kwenye vigae, hata ekseli nzuri haitatosha, maana plastiki huteleza badala ya kuzunguka. Na kwenye mchanga vizibo huzama. Kwa maoni yetu ndala iliyokwisha ni bora kuliko vizibo vyote: chora duara la sm 5, kata kwa kisu kikali, toboa kwa msumari bila hata moto. Inashika sakafu na haipigi kelele. Mwisho, weka mawe mawili ndani ya boksi juu ya ekseli, kwani boksi tupu hupinduka. Kamba ya kuvutia ifungwe chini mbele. Ikiwa fupi hunyanyua pua ya gari. Sm 80 zinatosha, na ifunguliwe watoto wakienda kulala.

Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu, anapenda kelele. Nilimtilia mchele kwenye chupa ya maji, akafungua kizibo kwa meno. Nifanyeje?
*Babu mlezi, Tanga*

Shikamoo babu. Paka gundi kali kwenye nyuzi za kizibo, kaza, acha hadi kesho yake, kisha vuta soksi ya mtoto juu ya chupa nzima na uishone mdomo. Chupa ikauke kwanza, kichwa chini, mchana kutwa. Ikibaki na unyevu, mchele hushikamana, huota ukungu na sauti hufa. Mchele wenyewe uukaange kidogo bila mafuta, usije ukaingia fukusi.

Usijaze. Robo ya chupa ndiyo mwisho, maana punje zinahitaji nafasi ya kugonga. Mchele unachakarisha, maharage yanapiga kwa nguvu zaidi. Chupa ikipata ufa, itupe siku hiyo hiyo.

Kwa umri huo kuna kipimo rahisi: bomba la karatasi ya chooni. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa hiyo vizibo, maharage na vifungo asivipate vikiwa wazi. Na chupa iliyowahi kuwa na mafuta ya taa, dawa ya panya au dawa ya kufulia haifai hata ikioshwa mara kumi.

Zamani mpira wa makaratasi tuliufunga kwa mifuko ya nailoni. Sasa mifuko hakuna, na soksi iliyojazwa matambara ni nzito kama jiwe. Haudundi.
*Mwalimu wa chekechea, Mwanza*

Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku hapa Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Kenya walitangulia mwaka 2017. Kilichokuwa kinadunda ni hewa iliyonaswa kwenye mikunjo yake. Matambara yakikazwa hayabaki na hewa.

Anza na sponji ya godoro bovu, donge la ngumi mbili za mtoto. Lizungushie tambara jepesi tabaka moja. Kisha nenda kwa fundi baiskeli uombe tyubu iliyokufa. Ikate kwa urefu, tepe za sm 1, na uioshe, kwani unga ulio ndani hufanya tepe ziteleze. Zungusha ukibadili mwelekeo kila mzunguko. Wengi huharibu hapa: huvuta kwa nguvu, sponji ikanyongwa, mpira ukarudi kuwa jiwe. Vuta kiasi cha kushika tu. Ukifika upana wa sm 12, ingiza kwenye soksi, sokota mdomo, ugeuze soksi juu ya mpira, rudia hadi iishe, shona.

Utadunda, ingawa si kama wa dukani. Ukinyeshewa, ukamue na kuuanika; sponji hunywa maji.

Gundi ya dukani inatuishia haraka. Unga wa ngano unafaa?
*Msomaji, Mombasa*

Unafaa kwa karatasi na boksi, si kwa plastiki. Koroga vijiko viwili vya unga na maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ongeza maji kikombe kimoja, pika kwa moto mdogo ukikoroga hadi iwe kama uji mzito. Tia kijiko cha chai cha chumvi. Hukaa siku mbili tatu hivi. Ikianza kunuka, mwaga. Boksi lililobandikwa kwayo liwekwe juu usiku, kwa sababu panya na mende huila gundi hiyo na boksi lake.