Usivifiche hivyo vigae, ndugu

Kaka, umesema watu wa akiolojia, wale wachunguzi wa mambo ya kale, wamekuja kuchimba vishimo shambani kwako Kwale kabla barabara haijapita, wameokota vigae vya vyungu vya zamani, sasa waogopa watakunyang'anya shamba. Tulia kwanza. Vile vishimo vya mita moja kwa mita moja ni vya kupima tu, wanashuka tabaka kwa tabaka, udongo wanauchekecha, wanapiga picha alafu kawaida wanafukia, na shamba kuchukuliwa au fidia hiyo ni kazi ya Tume ya Ardhi, si ya hao wachimbaji.

Ila usiokote vigae ukaweka ndani, tafadhali sana! Kigae kikishatoka mahali pake kinapoteza habari zake nyingi, na huko kwenu ndiko lilikotoka jina la vyungu vya Kwale, vya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo, kwahiyo hiyo si takataka. Pia sheria ya Kenya ya 2006 ya makumbusho na urithi yasema ukipata kitu cha kale uwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7.

Waombe barua yao ya kibali, piga picha mimea yako kabla hawajachimba tena, na kama kuna kaburi la wazee waonyeshe mapema kabla tingatinga halijafika.