Nimebakiza kitabu kimoja, nakiogopa

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka 63, na tangu nina miaka 13 nimempenda mtu ambaye hakuwahi kujua kwamba nipo: P. G. Wodehouse, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kuchekesha. Aliyetukutanisha ni marehemu baba. Alikuwa mkali, kucheka kwake kwa nadra. Usiku mmoja tukamsikia chumbani anapiga ukuta ngumi. Mama akakimbilia huko akidhani amezidiwa. Kumbe alikuwa anacheka: kwenye riwaya amefika pale mhusika Gussie Fink-Nottle anapogawa zawadi shuleni huku amelewa chakari. Kesho yake nilikiiba kitabu chenyewe, Right Ho, Jeeves, na sijakirudisha.

Nimemsoma nikiwa na mimba, nimemsoma nikisubiri matokeo ya mitihani ya wanangu. Wiki ya msiba wa baba nilijifungia nikaisoma tena sura ile ile, nikalia na kucheka kwa pamoja. Sasa nimebakiza kimoja tu, Sunset at Blandings, alichokiacha njiani. Ninacho mwaka wa 9 huu, sijakifungua. Mume wangu anasema nina wazimu. Nikisome, au nikiache hivyo hivyo?

JIBU: Shikamoo mama. Wazimu huo ninao na mimi, kwa hiyo mzee wetu atusamehe. Lakini kisome.

Nikuambie kwanza utakachokikuta, usije ukanilaumu. Februari 1975 Wodehouse alilazwa hospitali huko Long Island, Marekani, akiwa na miaka 93. Wiki chache tu kabla ya hapo Uingereza ilikuwa imempa cheo cha “Sir”. Kitandani alikwenda na mswada wake. Kati ya sura 22 alizopanga alikuwa ameandika 16, na tarehe 14 mwezi huo akafariki. Kitabu kilitoka 1977, pamoja na madondoo yake ya kazi.

Zile sura 16 ni kavu. Zile tashbihi zinazomfanya mtu apige ukuta ngumi ni chache, kwa sababu desturi yake ilikuwa kusimamisha kisa kwanza, mapambo yafuate. Inasimuliwa kwamba alikuwa akibandika kurasa ukutani: ukurasa usiomridhisha unakaa chini, na kila anapoufanyia kazi anaupandisha. Wewe utakuwa unasoma kurasa za chini. Ukizilinganisha na Right Ho, Jeeves ya 1934 utaumia bure.

Utamu wenyewe, kwangu mimi, uko kwenye madondoo. Humo mzee wa miaka 93 anajiuliza maswali, anahamisha undugu wa wahusika, anafuta alichokipenda jana. Sisi tuliomsoma tangu utotoni tulidhani maneno yalimtiririka tu kama maji ya bomba. Hapo ndipo nilipoliona jasho lake, na nikampenda zaidi.

Ama hofu yako kwamba ukikimaliza naye atakuwa amekwisha, naielewa. Ila kumbuka Blandings, kasri lake la kubuni, lilifunguliwa 1915 katika riwaya ya Something Fresh, na kwa miaka 60 mwenye kasri, Lord Emsworth, hajaongeza hata mvi moja. Yeye na nguruwe wake tu. Hata hilo neno la machweo, Sunset, kwenye jalada si la Wodehouse, walilichagua wachapishaji. Na kwa kuwa kisa kimekatika kabla ya mwisho, hutamkuta anakuaga mahali popote.

Zisome sura zote 16 kwa mkao mmoja. Madondoo yaache hadi kesho yake, na uwe na penseli, maana utajikuta unammalizia mwenyewe. Mimi nimeshamwozesha kila mtu humo mara mbili.

Na kile cha baba, mama, miaka 50 sasa. Nadhani alijua kilipo.