Kumpeleka mama na watoto Walden Pond: anzeni mapema

Dada, nimekuelewa: mama amekuja kutoka Nakuru, magoti yanamsumbua, watoto wawili hawajui kuogelea, na mnataka kwenda kwenye ziwa la Walden Pond kule Concord, Massachusetts, Jumamosi ya Julai.

Cha kwanza ni muda. Maegesho yakijaa, magari hurudishwa. Mimi nilifika saa tano asubuhi na chakula cha watu sita kwenye buti, nikageuzwa langoni. Siku hizi saa moja na nusu niko pale. Treni ya kutoka Boston inafika Concord, ila kituoni hadi ziwani ni nusu saa kwa miguu. Kwa magoti hayo, hapana.

Mama asizunguke ziwa zima. Njia ina mizizi, na ni zaidi ya kilomita 2. Karibu na maegesho kuna mfano wa kibanda cha Henry David Thoreau, mwandishi Mmarekani aliyeishi pale 1845 hadi 1847: kitanda, meza, jiko, basi. Mama yangu alichungulia akauliza, "Huyu hakuwa na mke?" Hakuwa naye.

Watoto msiwaondolee macho. Maji ni maangavu, yanadanganya. Katikati kina kinapita mita 30. Kaeni penye waokoaji. Maboya ya kupuliza, mbwa na majiko ya kuchomea nyama haviruhusiwi, kwa hiyo chapati zipikwe nyumbani.

Jioni wakagueni kupe, hasa nyuma ya magoti. Ukiona duara jekundu linalopanuka, au homa, muone daktari mara moja. Huenda ni ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe.