Mabunge yetu: nani anakuwakilisha, na nani anaweza kuzuia muswada

Kenya kuna Seneti, bunge la pili linalowakilisha kaunti, mbona haikuuzuia ule Muswada wa Fedha 2024?
Haikuwa na uwezo huo. Kwa katiba ya 2010 muswada wa kodi unaanzia Bunge la Taifa na unaishia hapohapo, kwahiyo tarehe 25 Juni wabunge wakaupitisha, vijana wakaingia bungeni siku hiyohiyo, na maseneta wote 67 hawana kura hata moja kwenye jambo lile, kesho yake ndo Rais Ruto akakataa kuusaini. Meno yao yako kwingine: mgawo wa pesa za kaunti lazima upite kwao, na Oktoba mwaka huohuo wao ndo waliomng'oa Naibu Rais Gachagua. Mi naona ni kasoro kubwa, kodi inamuuma mtu wa kila kaunti halafu seneta wake anaangalia tu.

Lamu na Nairobi seneta mmoja mmoja, hiyo ni haki kweli?
Sensa ya 2019 Nairobi walikuwa kama milioni 4.4, Lamu hata laki moja na nusu hawafiki. Ila wingi wa watu umeshahesabiwa Bunge la Taifa, huko Nairobi ina majimbo 17 na Lamu mawili, sasa ukiwanyima Lamu na kura yao ya Seneti watabaki na nini siku pesa zinagawanywa? Naitetea kabisa. Hata Marekani, California na Wyoming kila jimbo maseneta wawili.

Tanzania Rais akigoma kusaini muswada, Bunge linaweza kukomaa?
Linaweza, ila kwa gharama. Soma ibara ya 97: wabunge wakiurudisha kwa theluthi mbili, Rais ana siku 21, asaini au avunje Bunge. Yani mbunge anapiga kura huku anajua wiki tatu mbele anaweza kuwa jimboni anaomba kura upya, nani atathubutu? Kenya theluthi mbili zikipatikana Rais ana siku saba, asiposaini inakuwa sheria hivyohivyo, na wabunge wanabaki vitini. Hapo Kenya wametuzidi, tukipata katiba mpya hicho kipengele kibadilishwe.

Mbunge wa EALA, Bunge la Afrika Mashariki, nilimpigia kura lini?
Hukumpigia. Kila nchi inapeleka tisa na wanachaguliwa na bunge la nchi yao, Burundi tisa, Tanzania tisa. Na muswada wao ukirudishwa kwa marais wa nchi wanachama mara ya pili, Rais mmoja tu akikataa kuusaini umekufa.