Mama hataki kuhama Rombo

*Shangazi, shikamoo. Mama yetu ana miaka 79 na anaishi peke yake Rombo tangu baba afariki. Mwaka huu ameanguka mara mbili, na jirani alikuta sufuria imeungulia jikoni. Mdogo wangu, kitindamimba, yuko Arusha. Anasema tumpeleke makazi ya wazee. Mimi niko Mbezi, nataka aje kwangu. Tukigusia tu habari hiyo, mama ananuna siku nzima. Tumwambieje? – Binti wa Rombo, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, pole. Mnabishana mama akakae wapi wakati hakuna aliyeuliza kwa nini anaanguka. Anzeni hapo.

Mpeleke kituo cha afya na dawa zake zote mfukoni, hata za miti shamba na zile alizogawiwa na jirani. Omba apimwe presha akiwa amelala, kisha akishasimama dakika moja, na tena dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, presha inaporomoka akiinuka. Mara nyingi chanzo ni dawa au kunywa maji kidogo. Dozi abadilishe daktari, si ninyi. Apimwe pia sukari, macho na mkojo, maana maambukizi ya mkojo humvuruga mzee akili ghafla. Habari ya sufuria isiwatishe bado, wote tunaunguza. Muulize jirani kama mama anarudia swali lile lile, kama chenji inamchanganya sokoni, kama amewahi kupotea njia aliyoizoea. Hayo ndiyo ya kumweleza daktari.

Mdogo wako aelewe kwamba makazi ya serikali, kama Fungafunga ya Morogoro au Nunge ya Kigamboni, ni ya wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza, na huingizwa kupitia ofisa ustawi wa jamii. Mama mwenye watoto wawili wenye kazi zao si wa huko. Mkipata kituo binafsi, nenda jioni bila taarifa. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi, nani anagawa dawa, na kama yupo anayejua Kirombo. Mzee akianza kupoteza kumbukumbu, mara nyingi lugha ya utotoni ndiyo inayobaki.

Na kwako Mbezi? Ukitoka alfajiri ukarudi usiku, mama atashinda na televisheni ndani ya geti. Rombo angalau watu wanapita wakimsalimu. Kwa maoni yangu, Mbezi si salama zaidi, ni karibu nawe tu.

Sasa mazungumzo. Msiitishe kikao cha ukoo, atajiona mshtakiwa. Aanze kitindamimba, peke yake. Kwa mila zenu Wachagga nyumba ya wazazi humwangukia kitindamimba wa kiume, na huenda anachohofia mama ni kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kubaki pori na kaburi la baba kukosa mtu. Aseme wazi kwamba hakiuzwi, na nani atapalilia migomba na kuchuma kahawa. Wewe nenda baadaye. Asubuhi, mnamenya ndizi, muulize: "Mama, usiku ukitaka kwenda chooni unafanyaje?" Halafu nyamaza, hata akichelewa kujibu. Neno "huwezi tena" lisikutoke.

Jibu lake litakuonyesha pa kuanzia. Kama choo kiko nje, wekeni ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, taa ya sola, bomba la chuma ukutani la kushikia, na kiti cha choo chenye kimo cha sentimita 45 hivi, nyayo zake zikanyage chini. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Tafuteni mama mtu mzima wa kijijini wa kulala naye. Binti mdogo hataweza kumwinua. Mama mwenyewe amchague. Mshahara alipe mdogo wako, dawa ulipe wewe, na mkubaliane kabla hajaanza kazi.

Mpeni miezi mitatu. Akiendelea kuanguka, aje kwako wiki sita, tarehe ya kurudi aijue, na ikifika mrudisheni hata kama mnaona amezoea. Msimwambie mnakwenda hospitali Moshi kumbe gari linaendelea Dar. Baada ya hapo hata kliniki ya kweli atagoma. Na ng'ombe wake asiuzwe akiwa safarini.